Barua kutoka Yahuma

Kila siku baada ya shule, Colette alimsaidia mama yake kutwanga ndizi za lituma. Kisha alifunga fungu la baba kwenye jani, akaliweka ndani ya kikapu pamoja na sombe kidogo, mboga ya majani ya muhogo, akatoka mtaa wa Kabondo kwa miguu kwenda Radio Ebale alikofanya kazi baba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita. Mwendo ulikuwa wa dakika arobaini. Toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, zilimpita zikipiga kengele, lakini huo ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Mtaani kwao hakuna mzazi aliyemlipia mtoto baiskeli wakati miguu ipo.

Baba yake, papa Isaïe, alikuwa msomaji wa matangazo ya jamaa. Saa kumi na moja jioni aliketi mbele ya kipaza sauti na kusoma karatasi ambazo watu walizileta mchana. Mama Simone wa Isangi anajulishwa kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Familia ya marehemu fulani inaombwa kufika bila kuchelewa. Kijana fulani aliyeondoka Opala bila kuaga anaombwa arudi, baba yake hana hasira tena. Alisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kilingala. Vijijini hakukuwa na simu, na posta ilikuwa imekufa zamani. Papa Isaïe ndiye aliyekuwa posta.

Tuliokua Kisangani kabla ya vita tunaikumbuka radio ile. Kila nyumba iliisikiliza. Papa Isaïe hakuweza kuuliza bei ya samaki sokoni bila mama fulani kugeuka na kusema, "Ni ile sauti." Radio Ebale ilikuwa na wafanyakazi kumi na wanne, gari moja, na friji ya limonadi kwenye ukumbi. Wafanyabiashara ndio waliokuwa wakilipa. Papa Katembo, aliyetoka Butembo na kufungua maduka matatu mjini, alitangaza sabuni yake mara sita kwa siku kwa wimbo wa watoto. Colette alikuwa mmoja wa watoto hao. Wakati huo alikuwa na miaka tisa, na kwa mwezi mzima darasani walimwita Sabuni.

Kisha vita vikaja, na mto ukafungwa. Meli kutoka Kinshasa hazikuja tena. Papa Katembo alifunga duka la kwanza, halafu la pili. Mwenye duka asiye na sabuni ya kuuza halipii tangazo la sabuni. Wengine nao walifanya vivyo hivyo, na radio ikaanza kukauka. Kwanza aliondoka dereva, kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Akafuata dada aliyesoma habari, kisha walinzi, kisha fundi wa pili. Hakuna aliyefukuzwa kwa kosa. Mkurugenzi, papa Émile, alimwita kila mmoja ofisini, akamwambia ukweli, akamshika mkono. Walibaki watano. Mshahara wao ulikuwa mchele na mafuta ya mawese, vitu ambavyo watu walivileta kulipia matangazo yao.

Siku moja Colette alikuwa ukumbini na kikapu chake aliposikia baba yake akizungumza na Cyprien, fundi wa mitambo ambaye watoto walimwita tonton, yaani mjomba. Walikuwa uani karibu na jenereta na hawakumwona.

Radio ilikuwa na mitambo miwili ya kurushia sauti. Mdogo ulitosha mji tu. Mkubwa ndio ulioifikisha sauti ya papa Isaïe vijijini, mbali kabisa. Lakini mkubwa ulitaka mafuta mengi, hivyo kwa mwaka mzima tonton Cyprien alikuwa akiuwasha kwa nusu ya nguvu. Nusu hiyo ilifika wapi? Hakuna aliyejua. Zamani barua za wasikilizaji ndizo zilizowaeleza. Zilikuja kutoka Basoko, kutoka Opala, kutoka Yahuma. Tangu mto ufungwe, hakuna barua hata moja iliyofika kutoka mbali.

"Mutambo ule unakunywa kama mulevi," alisema tonton Cyprien. "Patron Émile amesema hivi: mwisho wa mwezi anauzima. Kama hakuna mutu wa mbali anayetusikia, tunamsomea nani matangazo? Miti?"

"Na sisi?"

"Matangazo yakiisha, msomaji wa nini? Mutambo ukizimwa, fundi wa nini? Mimi na wewe, papa Isaïe, tunarudi nyumbani."

Jioni hiyo baba yake alisoma vizuri kama kawaida, lakini walipokuwa wakirudi Kabondo alitembea haraka, akamwacha Colette nyuma. Colette alihesabu nyumbani: wadogo zake watatu, mama, bibi mzaa mama. Mchele wa radio ndio uliowalisha wote.

Siku ya pili alichukua karatasi katikati ya daftari lake la hesabu. Aliandika kwa herufi zilizolala upande, si kama mwandiko wake.

"Kwa mkurugenzi wa Radio Ebale. Mimi ni mwalimu Timothée wa Yahuma. Tunawasikia kila siku saa kumi na moja, sauti ni safi. Msiache. Papa Isaïe tunampenda sana."

Alichagua Yahuma kwa sababu ilikuwa mbali, na kwa sababu baba yake alizaliwa huko. Hakuweka stempu. Siku hizo barua zote zilisafiri mikononi mwa watu, kwa hiyo juu ya bahasha aliandika tu: "Kwa mkono wa msafiri." Asubuhi, akienda shule, aliipitisha chini ya mlango wa radio.

Papa Émile aliwaita wafanyakazi wote watano na kuwasomea barua hiyo mara mbili. Aliibandika ukutani. Tonton Cyprien alikuna kichwa, akasema nusu ya nguvu kufika Yahuma ni ajabu kidogo, lakini sauti za radio zina mambo yake, na karatasi iko hapo. Mkurugenzi akatamka kwamba mtambo hauzimwi.

Jioni ile Colette aliketi ukumbini, akimwangalia baba yake kupitia kioo cha studio. Baba alimaliza matangazo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na saba ya kazi. Alisema neno lake mwenyewe.

"Mama yangu uliye Yahuma, mimi mtoto wako Isaïe. Leo nimejua kwamba unanisikia. Sote ni wazima. Wajukuu wako wamekua."

Alifuta uso kwa kiganja, akazima kipaza sauti. Alipotoka alimwuliza Colette kwa nini uso wake umebadilika. Colette alisema tumbo linamuuma.

Habari ilienea mjini haraka: Yahuma wanasikia. Kila mwenye ndugu upande ule alileta karatasi. Foleni ilianza mlangoni na kufika barabarani. Walileta vikombe vya mchele, chupa za mawese, na mmoja alileta kuku mzima. Nyumbani kwa papa Isaïe walikula nyama Jumapili, jambo ambalo wadogo zake Colette walikuwa wamelisahau. Mama aliimba akipika. Colette alikula, akajiambia kwamba amefanya vizuri. Nani ameumia?

Alhamisi alipata jibu. Darasani aliketi benchi moja na Daniella, binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, msichana mwenye mdomo mkali.

"Binti wa radio, umenona," Daniella alimwambia wakati wa mapumziko. "Kuku ya watu inakukaa vizuri."

"Acha, Daniella."

"Kula tu. Hata samaki wetu wa mwisho wa moshi yuko kwenu. Mama alimpeleka jana."

Daniella alimweleza, bila utani tena. Baba yake, papa Jean-Marie, alikuwa ameshuka na mtumbwi miezi minne iliyopita kuuza samaki wa moshi Yahuma. Alikuwa amesema kwamba angerudi mwezi huu, kwa njia ileile ya mto. Lakini sasa kulikuwa na kizuizi kipya cha watu wenye silaha mtoni. Walichukua mitumbwi, na wanaume waliokamatwa ndani yake hawakuonekana tena. Mama Adèle, mama yake Daniella, alitaka mumewe aonywe apite porini kwa miguu. Kulikuwa na mtu wa baiskeli, Désiré, mchuuzi wa chumvi, ambaye angeondoka Jumamosi alfajiri kuelekea kule, na alibeba barua kwa malipo.

"Mama alikuwa na samaki mmoja tu wa kulipa," alisema Daniella. "Ampe Désiré au ampe radio? Akasema radio. Baiskeli inaweza kuharibika njiani, lakini sauti ya papa yako inafika siku ileile. Jana papa yako alisoma, 'Jean-Marie, usipite mto.' Mama alilala vizuri. Ni mara ya kwanza tangu mwezi uanze."

Colette hakusikia tena kitu chochote cha somo siku hiyo. Aliona mtumbwi ukipanda kwenye maji mapana, na mtu ndani yake akipiga kasia bila wasiwasi. Mtu huyo hakuwa amesikia chochote. Usiku hakulala. Akisema, baba atapoteza kazi, na tonton Cyprien pia. Asiposema, Jumamosi Désiré ataondoka na chumvi yake bila barua ya mama Adèle.

Ijumaa alifika radio na kikapu saa kumi na nusu. Baba yake alikuwa peke yake studio, akipanga karatasi za siku. Zile za Yahuma zilikuwa nyingi kuliko zote. Colette alibaki amesimama.

"Papa, ile barua ni mimi niliyeandika."

"Barua gani?"

"Ya mwalimu Timothée. Hakuna mwalimu Timothée. Nilisikia wewe na tonton Cyprien uani, nikaogopa."

Alimweleza yote, mpaka habari ya Jean-Marie na mchuuzi wa chumvi. Papa Isaïe hakupiga kelele. Aliketi polepole, karatasi bado mkononi.

"Donc mama hajanisikia."

Colette alianza kulia. Baba yake hakumbembeleza, wala hakumpiga. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Alimwambia aketi palepale kwenye kiti cha pembeni, asitoke, ili asikie kitakachosemwa. Kisha alimpa tonton Cyprien ishara kupitia kioo, taa nyekundu ikawaka, na akazisukuma karatasi zote za Yahuma pembeni.

"Wasikilizaji, leo kabla ya matangazo nina neno. Tangu wiki iliyopita tumewaambia kwamba Yahuma wanatusikia. Si kweli. Barua tuliyoipata ilikuwa ya uongo, na ilitoka nyumbani kwangu. Hatujui sauti yetu inafika wapi. Kama ulileta habari ya Yahuma, ujue hakuna aliyeisikia huko. Njoo uchukue mchele wako. Na kama una jambo la haraka, Désiré wa chumvi anaondoka kesho alfajiri. Leta barua yako hapa sasa hivi, mimi nitampelekea."

Hakuwa ameomba ruhusa. Mkurugenzi aliingia studio kabla hajamaliza, uso umevimba kwa hasira, lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka, akalazimika kusimama kimya kama mwanafunzi. Ilipozimika, alimwuliza papa Isaïe kama anajua amefanya nini. Papa Isaïe alijibu kwamba anajua: amejifukuza kazi.

Mama Adèle alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja mbio kutoka maporomoko, kitenge kimefungwa vibaya, Daniella nyuma yake. Hakumsalimu mtu. Alimtazama Colette, akaelewa.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu angekufa kwa mchezo wako wa kalamu. Unasikia? Angekufa, na mimi nimelala usingizi." Alipumua. "Bon. Si unajua kuandika? Chukua karatasi. Andika."

Colette aliandika, safari hii kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno aliyoambiwa na si zaidi. Wengine walifika. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo alihama kutoka mtu hadi mtu, na kila mmoja alimwambia neno kali kwanza kabla ya kumwambia la kuandika. Mzee mmoja alimwita mwongo mbele ya wote. Colette aliitikia na kuuliza jina la ndugu wa mzee huyo aliyekuwa Yahuma. Daniella hakumsemesha, ila alimshikia taa giza lilipoanza kuingia. Zilipatikana barua kumi na saba. Alfajiri papa Isaïe alizipeleka kwa Désiré, pamoja na chupa zote za mawese alizopata wiki ile, kulipia barua za watu wote.

Jumatatu mchele ulirudishwa. Mkurugenzi aliuzima mtambo mkubwa siku hiyohiyo. Alimwita tonton Cyprien ofisini, akamwambia ukweli, akamshika mkono. Tonton Cyprien alihamia sokoni na meza ndogo, akatengeneza radio za watu. Alimwambia Colette kwamba hana kinyongo, tangu mwanzo alijua nusu ya nguvu haiwezi kufika Yahuma, alitaka tu kuamini. Colette aliona ni afadhali angemgombeza. Papa Isaïe naye alipewa mpaka mwisho wa mwezi, asome matangazo ya mjini kwa mtambo mdogo, kisha aende.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, Désiré alirudi. Baiskeli yake ilikuwa na gunia ambalo halikuwa la chumvi. Njiani watu wa vijiji vyote walikuwa wamemsimamisha na kumpa barua za ndugu zao wa mjini, na yeye hakujua nyumba zao. Alilipeleka gunia radio.

"Soma majina tu," alimwambia papa Isaïe. "Wenyewe watakuja."

Jioni papa Isaïe alisoma majina arobaini na mawili. Kesho yake ua wa radio ulijaa. Watu walifungua barua palepale, wengine wakicheka, wengine wakikaa chini. Waliondoka wameacha majibu, na kikombe cha mchele. Wachuuzi wengine wa baiskeli walisikia, nao wakaanza kupita Radio Ebale kabla ya kusafiri na baada ya kurudi. Kusoma majina ya mjini, mtambo mdogo ulitosha. Mwisho wa mwezi ulifika, na mkurugenzi hakumwita papa Isaïe ofisini. Alimletea kiti kingine, cha Colette, ambaye angepanga barua kila siku baada ya shule, bila malipo, mpaka mwisho wa mwaka. Hiyo ilikuwa adhabu, na papa Isaïe alikubaliana nayo.

Wiki ya sita tangu barua zile ziondoke, mtu mwembamba aliingia uani, miguu imepasuka kwa safari. Alikuwa papa Jean-Marie. Barua ilimkuta akiwa anaziba mtumbwi wake tayari kwa kuondoka. Aliuza mtumbwi, akapita porini. Sasa alikuja kushukuru, na papa Isaïe alimwuliza jambo moja tu, kama alimwona mama yake.

"Nimemwona. Ni mzima, amezeeka. Kila saa kumi na moja anawasha radio yake, na majirani wanakuja kukaa. Wanasikia mluzi tu, shiii. Wanangoja kidogo, halafu anazima ili betri isiishe. Kesho yake tena."

Papa Jean-Marie alipoondoka, papa Isaïe alimwita Colette akae karibu.

"Ulitaka kuokoa kazi yangu, najua. Sikiliza. Mimi sikusoma sana, niliacha shule mapema. Nilichokuwa nacho ni kwamba mtu akisikia sauti yangu hana haja ya kuuliza mara ya pili. Bibi yako bado anangoja mbele ya mluzi kwa sababu hiyo. Kazi ikiisha kwa kukosa mafuta, siku moja mafuta yatarudi, mtambo utawashwa, na wale watu bado watakuwa wamekaa pale. Ikiisha kwa kuwa tumewadanganya, hata mto ufunguliwe, hakuna atakayewasha radio. Usiongope ili kunilinda. Afadhali tule sombe bila samaki."

Colette alisema amesikia.

"Bon. Nipe majina ya leo. Na uyaangalie tena, moja baada ya lingine. Kuna mtu anangoja kila moja."